Mshubiri wa Kwetu: Tuuoteshe, Tusiung'oe

Ukipita sehemu kavu za Baringo, Laikipia au Kajiado wakati wa kiangazi, utakuta nyasi zimekwisha na vichaka vimekauka. Lakini mshubiri umesimama tu, na maua yake mekundu yanapendeza. Wakamba huuita kiluma, Wamaasai osuguroi, na Wakalenjin tangaratwet. Wataalamu huuita Aloe secundiflora. Sio ile Aloe vera ya madukani, ambayo asili yake ni Uarabuni. Huu ni wetu.

Shida ni kwamba watu huung'oa ovyo, kwa dawa na kwa utomvu wa kuuza. Hali ilikuwa mbaya hata mwaka 1986 Rais Moi akakataza kuvuna mishubiri ya mwitu. Tena kuna aina za mshubiri ambazo huzaa machipukizi pembeni, ukichukua moja mengine yanabaki. Huu wetu mara nyingi husimama peke yake. Ukiung'oa, umeumaliza. Kwa hiyo tujifunze kuuotesha kwa mbegu.

KUOTESHA

1. Maua yakianguka, vibumba vya mbegu hubaki kwenye kikonyo. Vikianza kugeuka rangi ya kahawia, vifunge na kitambaa chepesi. Mbegu ni ndogo na zina mabawa kama karatasi. Ukichelewa, upepo utazipeleka.

2. Changanya mchanga debe mbili na udongo debe moja. Jaza kwenye mikebe mikuukuu uliyoitoboa chini.

3. Panda mbegu zingali mpya, zifunike kidogo tu, na uweke nasari yako kivulini. Nyunyiza maji kidogo kidogo. Baada ya wiki mbili au tatu hivi zitaanza kuota.

4. Miche hukua polepole, usife moyo. Ikiwa na urefu wa kiganja, ihamishe shambani mvua inapoanza. Acha nafasi ya mita 1 kati ya mche na mche.

UTUNZAJI

Mshubiri hauogopi jua, huogopa maji yanayotuama. Panda mahali penye mteremko au changarawe, sio bondeni. Ukishashika mizizi, mvua inatosha. Wakati wa ukame majani hujikunja na kuwa mekundu. Huo si ugonjwa, kwa hivyo usikimbie na debe la maji! Lakini shina likiwa laini na kunuka, limeoza. Ondoa mmea huo.

Mbuzi nao hupenda miche na vikonyo vya maua. Zungushia miiba mpaka mimea iwe na nguvu.

FAIDA

Ukipandwa kwa mstari kukingama mteremko, mshubiri husaidia kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Maua yake huwalisha nyuki na ndege aina ya chozi wakati maua mengine hakuna. Mwenye mizinga asikose mishubiri karibu.

Ukitaka majani, ngoja mmea ukomae. Kata mawili au matatu ya chini kwa kisu kikali, na usiguse moyo wa katikati. Hivyo mmea huo huo utakupa tena.

TAHADHARI

Utomvu wa manjano ni mchungu na unaharisha vibaya. Mama mjamzito na watoto wasiunywe kamwe.

Kuhusu kuuza: mwaka 2007 serikali ilitoa kanuni za biashara ya mishubiri, na mkataba wa kimataifa wa CITES pia unailinda. Kabla ya kuuza chochote, ulizeni kwanza ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Ukiwa na shamba lako ulilopanda mwenyewe, una la kuonyesha. Aliyeng'oa porini hana.

Akina mama na vijana mlio katika vikundi, anzeni na mikebe kumi tu. Chungu kama shubiri, ndiyo, lakini uchungu zaidi ni watoto wetu kuusikia kwa jina tu.