Nyiramugengeri kama Kumbukumbu ya Tabianchi: Vinamasi vya Rusizi na Suala la Istilahi

1.0 Utangulizi

Ndani ya msitu wa Nyungwe, kusini-magharibi mwa Rwanda, kuna kinamasi kikubwa kiitwacho Kamiranzovu. Kwa Kinyarwanda jina hilo lina maana ya mmeza ndovu, na msemaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili autambue undugu wa inzovu na ndovu. Kwa maelfu ya miaka kinamasi hicho kimemeza pia majani, majivu na chavua ya mimea inayokizunguka. Makala hii inafafanua jinsi mashapo ya aina hiyo yanavyosomwa, na kwa nini jina tunaloyaita lina uzito katika sera.

2.0 Namna Mashapo Yanavyosomwa

Katika maji yaliyotuama oksijeni ni haba, hivyo mimea iliyokufa haiozi kikamilifu. Hulundikana tabaka juu ya tabaka hadi ikawa kile ambacho Wanyarwanda hukiita nyiramugengeri. Kwa kawaida ongezeko lake ni takribani milimita moja au pungufu kwa mwaka. Kwa hiyo kina cha mita moja huweza kuwa kazi ya miaka elfu moja au zaidi.

Mtafiti hudidimiza bomba na kutoa mashapo bila kuvuruga mpangilio wa matabaka. Umri hukadiriwa kwa kaboni-14, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Chavua, yenye ganda gumu lisiloharibika upesi, hutambuliwa na kuhesabiwa kwa hadubini.

Hesabu hiyo huhitaji tahadhari. Nyasi hutoa chavua nyingi inayopeperushwa na upepo, ilhali miti inayochavushwa na wadudu hutoa kidogo. Aidha, mafunjo yanayoota kinamasini huakisi hali ya kinamasi chenyewe, si ya vilima. Asilimia ya chavua, basi, si asilimia ya eneo la msitu.

3.0 Yaliyobainika

Mfano mashuhuri wa ukanda huu ni kinamasi cha Kashiru, katika nyanda za juu za Burundi. Mwaka 1990, Raymonde Bonnefille na wenzake walichapisha katika jarida la Nature makadirio ya miaka 40,000 yaliyotokana na chavua. Walionyesha kuwa katika kipindi cha mwisho cha barafu joto lilishuka kwa nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na mvua ikapungua kwa takribani asilimia 30. Misitu ya milimani ilirudi nyuma, nyasi na vichaka vya nyanda za juu vikatanda. Mvua iliporejea, misitu nayo ilirejea. Matokeo haya yanawapa wataalamu wa leo kipimo cha kulinganishia makisio ya tabianchi ijayo.

4.0 Nishati na Istilahi

Hata hivyo, nyiramugengeri ni fueli pia. Wilayani Rusizi, huko Gishoma, kimejengwa kituo cha kuizalishia umeme chenye uwezo wa megawati 15. Hitaji la umeme ni la kweli. Lakini tabaka lililochomwa halisomeki tena, na kaboni iliyohifadhiwa humo hurudi angani.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda. Mfasiri wa waraka wa sera akiandika "makaa", msomaji atawaza kuchimba. Akiandika "mboji", atawaza mbolea. Akiandika "tope", atawaza kitu cha kuondolewa. Hakuna kati ya maneno hayo linalobeba dhana ya kumbukumbu.

5.0 Hitimisho

Makala hii inapendekeza mambo mawili. Kwanza, neno nyiramugengeri lipokelewe katika istilahi za Kiswahili cha kikanda, kwa kuwa linataja kitu chenyewe bila kukipangia matumizi. Pili, kabla ya kinamasi chochote kuchimbwa, sampuli kamili ya matabaka yake ichukuliwe na kuhifadhiwa. Gharama yake ni ndogo, ilhali kilichojengwa kwa miaka elfu kadhaa hakiwezi kurudishwa na bajeti yoyote.