Vakansi Uvira: Miezi miwili ya kuwafundisha vijana kamera na kompyuta

Kila mwanzoni mwa Julai, shule za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hufungwa kwa likizo kubwa, na wanafunzi hawarudi darasani hadi Septemba. Mjini Uvira, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, wengi huiita vakansi. Ni kiangazi: mvua zimekatika, mito inayoshuka milimani imepungua, na madarasa yamebaki matupu.

Kwa familia nyingi huo ni wakati wa kazi. Wavulana hushuka ziwani na bandarini Kalundu, wasichana huchota maji na kuuza ndakala. Kumsaidia mzazi si kosa. Lakini baada ya kazi hizo hubaki saa nyingi za mchana, na Kivu Kusini saa tupu za kijana zina wa kuzigombania. Makundi yenye silaha yameandikisha watoto mashariki mwa Kongo kwa miaka mingi. Hukumu ya kwanza ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ya Machi 2012 dhidi ya Thomas Lubanga wa Ituri, ilihusu kosa hilohilo.

Ndiyo maana madarasa ya likizo ya sanaa na teknolojia, ambayo kwingineko huonekana kama burudani ya watoto wa wenye nacho, yana uzito mwingine hapa.

Siku za masomo zilizopotea

Watoto wa Uvira wamekatizwa masomo mara nyingi. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Baadaye maji ya ziwa yenyewe yakapanda na kuingia katika mitaa ya ufukweni. Februari 2025 Bukavu ilitekwa na M23, na Desemba mwaka huohuo wapiganaji hao wakaingia Uvira. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi.

Likizo haiwezi kurudisha yote yaliyopotea. Inaweza kumrudishia kijana mazoea ya kuamka akiwa na kitu cha kujifunza.

Goma haikusubiri amani

Mfano haupo mbali. Mjini Goma, kituo cha Yole!Africa, kilichoanzishwa na mtengenezaji filamu Petna Ndaliko Katondolo, kimekuwa kikiwafundisha vijana filamu, muziki na dansi tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mji huo ulikuwa umetoka kuunguzwa na lava ya volkano ya Nyiragongo, Januari 2002, na ukatekwa na M23 kwa mara ya kwanza Novemba 2012. Tangu 2005 kituo hicho pia kimekuwa na tamasha lake la filamu.

Funzo kwa Uvira ni kwamba waanzilishi wa Goma hawakungoja vita viishe wala majengo makubwa yajengwe. Walianza na vijana waliokuwepo na vifaa walivyovipata.

Kompyuta ya chaki

Upande wa teknolojia, tatizo linajulikana. Somo la kompyuta lipo katika mtaala wa Kongo, lakini katika shule nyingi mwalimu huchora kibodi ubaoni kwa chaki, na mwanafunzi hufanya mtihani wa mashine ambayo hajawahi kuigusa. Umeme nao hukatika mara kwa mara, ingawa mto Ruzizi, wenye mabwawa ya umeme, humwaga maji yake ziwani karibu kabisa na mji.

Hata hivyo, mambo mengi yamekuwa rahisi. Scratch, programu ya bure iliyozinduliwa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani, humfundisha mtoto kuandika maagizo ya kompyuta kwa kupanga vipande vya rangi. Ina toleo lisilohitaji intaneti, na inapatikana kwa Kiswahili. Hilo si jambo dogo kwa mtoto wa Uvira, ambaye hujifunza kwa Kifaransa lakini huwaza kwa Kiswahili, Kifuliiru, Kivira au Kibembe. Kolibri, programu nyingine ya bure, huhifadhi masomo ndani ya kompyuta moja, na wengine huyafungua kwa simu zao bila kununua data.

Sanaa hugharimu kidogo zaidi. Katuni hutengenezwa kwa picha zinazofuatana haraka. Kwa kawaida picha 12 kwa sekunde zinatosha, hivyo filamu ya sekunde 10 inadai michoro 120. Darasa la vijana 20 wanaochora 6 kila mmoja huimaliza kwa karatasi, penseli na simu moja ya kupigia picha. Paneli ndogo ya jua huichaji simu hiyo, na jua la Julai halikosekani.

Wasichana na saa ya kuanza

Darasa la namna hiyo linaweza kufeli kwa jambo dogo: saa. Likipangwa asubuhi, wakati wa kuchota maji, watakaofika ni wavulana. Likipangwa alasiri, baada ya kazi za nyumbani, msichana ana nafasi, mradi amalize mapema na afike kwao kabla ya giza.

Na maji yenyewe yanaweza kuwa somo. Kipindupindu hakijawahi kuiacha Uvira kwa muda mrefu, na wengi bado hutumia maji ya ziwa. Filamu ya dakika 3 kuhusu kuchemsha maji, iliyotengenezwa na vijana wa Kasenga au Kavimvira kwa lugha ya nyumbani, ingetazamwa na mama zao kwa makini kuliko bango lolote.

Kinachobaki ni Septemba. Ujuzi wa wiki 6 husahaulika upesi kama hakuna pa kuuendeleza. Shule inayotoa chumba chake wakati wa vakansi ingefanya vyema kukiacha wazi kila Jumamosi baada ya masomo kuanza, ili simu ile na michoro ile ipate mwendelezo.