Goti Likigoma, Usikimbilie Kulala

Kwa magoti, kupanda Milima ya Uluguru hadi Morningside si kazi. Kazi ni kushuka kurudi Morogoro mjini. Misuli ya mbele ya paja ndiyo breki yako, ikichoka goti linaelemewa.

Yalimkuta mume wangu, nikajiuliza: Jumamosi zetu za mlimani ndiyo basi tena?

Mtaalamu wa fiziotherapia alimtazama anavyotembea na kuchuchumaa, akampa zoezi: kukaa na kuinuka kwenye kiti polepole, mara kumi, asubuhi na jioni. Maumivu kidogo ruksa. Yakizidi kesho yake, punguza. Goti likivimba au likikataa uzito, wahi hospitali.

Na wewe mwenzi, usimwachie peke yake. Mimi nilikuwa nahesabu. Miezi miwili baadaye, tulipanda.