Luku, CCM na n.k.

Jioni mtoto anatumwa kwa wakala. "Shikamoo. Mama anaomba luku ya elfu tano." "Marahaba. Namba ya mita umekuja nayo?" Mtoto anatoa kikaratasi kilichokunjwakunjwa, na baada ya muda mfupi anarudi nyumbani na tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita. Hakuna aliyetamka "Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo", ingawa hayo ndiyo maneno manne yaliyozaa LUKU, mfumo wa TANESCO wa kulipia umeme kabla ya kuutumia. Mtoto anajua luku hununuliwa, luku huisha, na ikiisha nyumba huwa giza. Kwake ni neno kama sukari au chumvi.

Luku ni akronimu iliyofika mwisho wa safari yake. Akronimu zote ni vifupisho, lakini vifupisho vingi si akronimu, na watu huvichanganya kwa sababu kwenye karatasi vinafanana: herufi kubwa zilizobanana. Anayetaka kuvitenganisha asiviangalie tu. Avisome kwa sauti.

Baadhi havitamkwi kabisa. Msomaji wa taarifa ya habari akikuta "Dkt." husema "Daktari", akikuta "n.k." husema "na kadhalika". Bw., k.m., uk. na taz. ni vya namna hiyo hiyo. Mkono umeokoa nafasi, mdomo umelirudisha neno zima.

Vingine husomwa herufi moja moja: JKT, VVU, BBC, CCM. Cha kushangaza ni kwamba herufi hizo kwa kawaida huitwa kwa majina yake ya Kiingereza hata kama maneno yaliyofupishwa ni ya Kiswahili kitupu. Jeshi la Kujenga Taifa huwa "jei-kei-ti". Chama Cha Mapinduzi, kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 TANU na ASP zilipoungana, huwa "si-si-em", ilhali tahajia ya Kiswahili sanifu haina C inayosimama peke yake. Huitumia pamoja na H tu. TANU yenyewe, iliyoundwa mwaka 1954 kwa jina la Kiingereza, ilisomwa kama neno moja, tena neno linalokaribiana na "tano", ambalo kila Mswahili alikuwa nalo tayari katika kuhesabu.

Hiyo sasa ndiyo akronimu: kifupisho kinachotamkwa kama neno. Jina lake limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya ncha na jina. NATO na UNESCO zimo humo. Rada na leza nazo zimo, ila zimezoeleka mno hata wengi wanaozitumia hawajui kwamba zilianza kama mafungu ya maneno ya Kiingereza. Rada imedondosha hata R yake ya mwisho ili ikae vizuri kinywani.

Kiingereza mara nyingi huokota herufi ya kwanza ya kila neno, na zikitamkika, akronimu imepatikana. Kwa Kiswahili njia hiyo ni nyembamba, kwa kuwa silabi zake nyingi huishia na irabu. Ukiokota herufi za mwanzo za Baraza la Kiswahili la Taifa unabaki na BKT, konsonanti tatu zisizo na pumzi. Kwa hiyo baraza hilo, lililoanzishwa mwaka 1967, likajulikana kwa silabi: BA-KI-TA. TAKUKURU, TEHAMA na TAMISEMI zimesukwa hivyo hivyo. Hata UKIMWI ni silabi tatu: U ya upungufu, KI ya kinga, MWI ya mwilini. Luku ilipata bahati ya pekee. Umeme na Utumiavyo yote yanaanza kwa irabu, hivyo herufi nne za mwanzo zikatosha kufanya silabi mbili safi.

Lakini kutamkika ni nusu tu ya kazi. Neno la Kiswahili halijawa neno mpaka lipate ngeli, na hapo ndipo vifupisho huonyesha tabia zake. Ukimwi umeenea, MKUKUTA ulilenga kupunguza umaskini: U na M za mwanzo zimefanya kazi ya viambishi bila kulazimishwa. Magazeti huandika "Chama Cha Mapinduzi kimeteua", lakini neno chama likishafichwa ndani ya herufi tatu, kichwa cha habari husema "CCM yateua". Ki- ya chama imepotea, na kifupisho kimeangukia ngeli ileile inayopokea maneno mengi ya kigeni.

Neno lililofichwa husahaulika pia: kusema "virusi vya VVU" ni kosa linalostahili kurekebishwa kila linaposikika, kwani ni kusema virusi vya virusi vya ukimwi. "Namba ya PIN" nayo inarudia neno, ila msemaji wake ana udhuru: neno lililojificha mle ni la Kiingereza. VVU ni maneno yetu wenyewe.

VICOBA ndiyo safari nzuri kuliko zote. Ni benki za kijamii za vijijini, na kifupisho chake kimetoka kwenye maneno matatu ya Kiingereza, silabi kwa silabi. Wanachama waliposikia VI mwanzoni, wakaichukua kuwa ya wingi kama ya vikombe na viti, kisha wakautafuta umoja wake: kikoba. Neno hilo lilikuwepo tangu zamani, maana yake mkoba mdogo, na pesa za akiba zikapata pa kukaa. Siku ya mkutano, kwenye jalada la daftari la kikundi mtu ameandika VICOBA kwa herufi kubwa na C yake ya kigeni. Ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya bluu, katibu anaanza: "Kikoba chetu kimefunguliwa saa kumi jioni."