Fahamu: 'Run', kitenzi chenye maana 645

Uchaguzi wa Marekani ukikaribia, husikika kuwa fulani anafanya 'run' ya urais. Hakimbii popote; anagombea. Waingereza, wenye lugha yao, mgombea wao husimama: 'stand'.

Katika Kiingereza cha Kale neno lilikuwa 'rinnan' au 'irnan', likapigwa jeki na lugha ya Waskandinavia waliohamia Uingereza. Tangu zamani lilibeba mambo mawili, kukimbia na kutiririka. Kijerumani cha leo kimeyatenga: 'rennen' ni kukimbia, 'rinnen' kutiririka. Kiingereza hakikujisumbua. Mto, kamasi za mtoto mwenye mafua, rangi ya kitambaa kinachochuja, vyote hu-'run'.

Kisha zikaja mashine. Injini, treni, kiwanda, baadaye programu ya kompyuta, kila kimoja kikadaka neno hilohilo.

Peter Gilliver, mhariri wa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, alilichambua kwa miezi 9 akafikisha maana 645, tena za kitenzi peke yake. Likalipiku 'set', lililotamba katika toleo la 1989. Wanaojifunza Kiingereza wasiogope: nyingi ni za nadra, na sentensi yenyewe huonyesha ipi inakusudiwa.