Likizo Bila Nauli

Kila mwaka shule zifungapo kwa likizo ndefu, nyumba nyingi za hapa Pwani huulizwa swali lile lile na watoto: "Baba, safari hii twaenda wapi?" Mwenye uwezo hujibu kwa furaha. Asiye na uwezo hujikohoza, akajitia kutafuta viatu vyake. Mwaka jana mimi nilikuwa miongoni mwa hao wa pili.

Kwa desturi likizo hiyo ndefu huwapeleka wanangu Lamu kwa shangazi yao. Lakini nauli ya watu watano hadi Mokowe, kisha mashua ya kuvukia, si jambo la kupuuza, na kazi yangu ilikuwa imelegea. Nina watoto watatu: wa kiume ana miaka 9, binti ana 6, na kitinda mimba ana 3. Walipoambiwa kwamba hapana safari, mkubwa alinuna siku mbili. Majirani zetu wa Mji wa Kale walikuwa wakifunga mizigo, huyu aenda Malindi, yule aenda Nairobi, nami nikaona haya kama kwamba nimeiba.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa. Kaskazi ilikwisha anza kuvuma, joto limetanda, na watoto walishindania simu ya mama yao toka asubuhi hadi adhuhuri. Mamangu mzazi, ambaye twaishi naye, alivumilia kisha akaniita. "Mwanangu," aliniambia, "watoto hawa hawana haja ya safari. Wana haja ya kazi."

MBUZI ASIYEKULA MAJANI

Siku ile ile alimtuma binti yangu jikoni amletee kifumbu. Mtoto alikwenda, akakawia, akarudi na chujio la chai. Nyanya yake alicheka sana, kisha akanyamaza. Nami nilinyamaza, kwani nilitambua kwamba kosa si la mtoto. Nyumbani kwetu tui sasa hutoka katika pakiti ya dukani. Kifumbu kilikuwa kimetundikwa juu ya msumari, vumbi tele, na hapana aliyewahi kumwambia jina lake.

Basi ndipo darasa lilipoanza. Kila asubuhi, watoto wakisharudi chuoni, nazi moja ilivunjwa. Mkubwa alikalia mbuzi akakuna, naye alilalamika kwamba kazi hiyo ni ya wanawake. Nyanya alimwuliza kama tumbo lake nalo ni la wanawake. Binti alikamua kwa kifumbu, akajifunza kutenga tui la kwanza, lile zito, na tui la pili, na kwamba mbaazi huanza kupikwa kwa lile jepesi, zito likatiwa mwisho. Mdogo alipewa vifuu achezee. Mchana waliloweka ukwaju, wakautia sukari na kugandisha barafu katika vikombe.

Alasiri nyanya hushona kofia ya vito, kazi ambayo kofia moja yaweza kumla mtu miezi. Macho yake hayaoni tena tundu la sindano. Binti yangu akawa ndiye mtunga uzi wake. Alikaa kando yake mkekani saa nzima, na katika kukaa huko alisikia habari za harusi, misiba na ukoo wetu ambazo hata mimi sikuwa nazijua.

MWEZI NA MAJI

Zamu yangu ilikuwa jioni. Ukutani mwetu imetundikwa kalenda yenye tarehe za Kiislamu, nami nilimwonyesha mkubwa siri ambayo kila mvuvi huijua: aijuaye tarehe ya mwezi ajua na habari za bahari. Mwezi uandamapo, na tena uwapo mpevu, yaani mnamo tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji huwa ya bamvua. Hapa Mombasa siku hizo hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kila siku ipitayo, maji huchelewa kwa wastani wa dakika 50 hivi. Ifikapo tarehe 7 au 8, na tena 22 au 23, huwa maji mafu, hayajai sana wala hayapwi sana.

Mtoto alitengeneza daftari lake. Asubuhi aliandika saa aliyokisia maji yatajaa, na jioni tuliteremka pwani kuhakikisha. Siku za bamvua alipatia. Siku za maji mafu alikosea karibu saa nzima, akakasirika, akafuta, akaanza tena. Sijapata kumwona akifuta hesabu za shule kwa hamu kama ile.

KITENDAWILI

Umeme ukipotea, nasi hupotewa mara kwa mara, nyanya alitega vitendawili. Mwanzo watoto hawakuweza hata kimoja, nyanya akapewa miji hadi akachoka kuitawala. Usiku mmoja binti alisema, "Kitendawili!" Sote tukaitika, "Tega!" Akasema, "Nikishiba nasema, nikiwa na njaa nanyamaza." Nyanya alifikiri, akashindwa, akatoa mji. Jawabu lilikuwa simu. Bibi huyo mzee alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso yake.

LIKIZO YA MAMA

Hata hivyo, wasomaji, nisiwafiche. Mambo hayakuwa asali tupu. Usiku mmoja mke wangu aliniambia kwa upole, "Likizo hii yenu ni nzuri, lakini mimi bado sijaiona." Alikuwa kweli. Watoto walikuna nazi, naye akafagia machicha. Walifanya barafu, naye akaosha vikombe.

Tulibadili mambo. Mkubwa alipewa vyombo vya mchana. Kila Jumamosi baada ya alasiri niliwachukua wote watatu, mama yao akapumzika au akaenda kwa dada zake. Tulikwenda Mama Ngina kuhesabu meli ziingiazo Kilindini, tukala mihogo ya pilipili chini ya mibuyu. Mara nyingine tulivuka Likoni kwa feri na kurudi, kwani atembeaye kwa miguu hatozwi hata senti. Mdogo aliamini kwamba ile ndiyo safari ya Lamu, nasi hatukumbishia.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, mkubwa alinijia na wasiwasi. "Baba, mwalimu atatwambia tuandike insha ya likizo. Nitaandika nini, nasi hatukwenda popote?" Nilimwambia achukue daftari lake la maji. Aliandika kurasa tatu.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Wazazi wengi twadhani kwamba kukunja huko ni kwa fedha, nami nilikuwa mmoja wao. Lakini nyumba iliyo na mtu mzima mwenye kumbukumbu ina chuo kisichotoza karo, na chuo hicho kina siku yake ya kufungwa ambayo hapana aijuaye ila Mwenyezi Mungu. Mamangu ni mzee. Laiti tungalipata nauli mwaka jana, kifumbu kingalikuwa bado juu ya msumari.

Mwaka huu nikijaaliwa tutakwenda Lamu, inshallah, na nyanya atakwenda nasi. Nisipojaaliwa, nikiulizwa twaenda wapi, sitatafuta viatu.