Huku mwamuzi ni anga, na hana kadi ya njano

SHABIKI wa Mbekenyera anayepanga kwenda Ruangwa mjini kuiona Namungo mwezi Machi huwa na maswali mawili kichwani. La kwanza, kocha atapanga kikosi gani? La pili, mvua itashuka saa ngapi?

Kwenye soka, hilo la pili ni kero tu. Uwanja wa Majaliwa ukiloa, mpira unakwama, viungo wanaachana na pasi za chini na mabeki wanaanza kubutua mbele. Hali ikiwa mbaya zaidi, sheria inampa mwamuzi mamlaka ya kusimamisha mechi. Mashabiki wanarudi nyumbani wamelowa, wamenuna, lakini wazima.

Kuna watu ambao kwao swali la pili ndilo mchezo wenyewe. Hao ni wapenzi wa paraglaidingi, wale jamaa wanaoruka kutoka milimani wakiwa wamening'inia chini ya bawa la kitambaa, bila injini na bila kitu cha kuwasukuma zaidi ya hewa. Mwamuzi wao ni anga. Hana VAR, hasikilizi kelele za benchi, na hana kadi ya njano ya kumwonya mtu kwanza.

Iten si ya mbio tu

Afrika Mashariki, mahali panapojulikana zaidi kwa mchezo huu ni Iten, Kenya, kwenye ukingo wa Bonde la Kerio. Anayefuatilia riadha anaujua mji huo. Ndiko alikonolewa David Rudisha, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 mwaka 2012 na 2016, chini ya mwalimu kutoka Ireland, Brother Colm O'Connell. Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi ndiyo inayowapa wakimbiaji mapafu ya chuma.

Karibu kabisa na barabara wanazokimbilia, ardhi inakatika ghafla. Ukisimama ukingoni unaona bonde limelala zaidi ya mita 1,000 chini yako. Ukingo wenyewe unatazama mashariki, hivyo jua la asubuhi linaupiga usoni. Miamba inapata moto, hewa iliyo karibu nayo nayo inapata moto, inakuwa nyepesi na kuanza kupanda juu. Rubani akiingia kwenye mkondo huo na kuzunguka ndani yake kama mwewe, anapandishwa mamia ya mita bila kutumia hata tone la mafuta. Akifika juu anauacha, anateleza mbele kuusaka mwingine. Kwa mtindo huohuo, mabingwa wa dunia wamewahi kusafiri zaidi ya kilomita 500 kwa siku moja.

Mchezo ulianzia Ufaransa. Juni 1978, wanaparachuti watatu, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson, walichoka kulipia ndege za kuwapandisha angani. Wakachukua miavuli yao, wakakimbia nayo kwenye mteremko wa Mieussy hadi miguu ikaacha ardhi. Leo bawa limekuwa refu na jembamba, lina vyumba vinavyojazwa hewa kupitia midomo ya mbele. Halina fremu ngumu. Hewa ya ndani ndiyo mifupa yake.

Hapo ndipo ubaya ulipo. Hewa ya nje ikivurugika, mifupa hiyo inaweza kupotea kwa sekunde moja na upande mmoja wa bawa ukajikunja kama khanga iliyoanguka kwenye kamba.

Siku ya mpenzi wa kawaida

Wengi wanaoruka si wachezaji wa kulipwa. Ni walimu, mafundi, wahasibu, watu wenye bosi na watoto wa shule. Wanaruka kama vijana wa mtaani wanavyocheza ndondo, wakitoka kazini au siku ya mapumziko. Tofauti ni kwamba ndondo unahitaji viatu na jezi tu. Huku unahitaji bawa, kiti cha kujifunga, helmeti, redio, kifaa kinacholia kukwambia kama unapanda au unashuka, na mwavuli wa akiba kwa siku mbaya. Mzigo mzima huweza kufika kilo 15 hadi 20, na vifaa vipya hugharimu mamilioni ya shilingi.

Siku yake inaanza na simu. Kabla ya chai anaangalia utabiri wa upepo, wa pale chini na wa juu, maana mara nyingi haufanani. Anaangalia mawingu ya jana yalikuaje na mvua ilinyesha saa ngapi. Halafu anatoka nje kuhakikisha kwa macho. Moshi wa jikoni unalala upande gani? Majani ya miti yanatikisika au matawi mazima? Tai wameshaanza kuzunguka?

Mkulima wa ufuta wa Mbekenyera angemwelewa haraka. Naye mavuno yakikaribia anaamka na kutazama juu, kwa sababu mvua moja ikiukuta ufuta uliokatwa na kusimamishwa ukauke, rangi inaharibika na bei inashuka. Wote wawili wanasoma kitabu kimoja.

Hesabu ya rubani ni kali kidogo. Bawa lake kwa kawaida linakwenda kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Upepo wa mbele ukifika kasi hiyohiyo, anaganda palepale hewani. Ukizidi, anaanza kurudi kinyumenyume, na nyuma yake ni mlima, miti na nyaya za umeme. Kwa hiyo wengi wakiona upepo umevuka kilomita 25 kwa saa pale wanaporukia, wanakaa chini.

Kukaa chini huko ndiko kunakochukua muda mwingi. Picha za mitandaoni zinaonyesha mtu yuko juu anatabasamu. Hazionyeshi saa tatu alizokaa kwenye nyasi, begi limefungwa, akisubiri upepo utulie. Wengine hutumia muda huo kuinua bawa na kulicheza wakiwa bado wamesimama ardhini, kama kipa anavyopasha na mipira ya pembeni kabla ya filimbi.

Machi si mwezi wa kuaminika

Msimu wa Kerio ni Desemba hadi Machi, kipindi ambacho bonde ni kavu. Wageni wa Ulaya wanamiminika Iten kwa sababu kwao ni baridi kali na jua halina nguvu. Lakini Machi ikisogea mwisho, mvua za masika zinakaribia na anga inaanza kugeuka. Asubuhi ni kweupe. Saa 4 vinatokea vijiwingu vidogo vyeupe, na kila rubani anafurahi maana ndivyo vinavyoonyesha hewa inapopanda. Saa 6 vijiwingu vimevimba. Saa 8 kimojawapo kimekuwa mnara mweusi, na upepo baridi unaotoka chini yake unaweza kumfikia rubani aliye kilomita 20 mbali, akiwa bado anaota jua.

Ulaya nako, Machi hadi Mei ndiyo miezi ya kutoka kwenye baridi, na ina mtego wake. Jua limerudi na nguvu, ardhi inachemka, lakini hewa ya juu bado ina ubaridi wa miezi iliyopita. Hewa moto ikikutana na hali hiyo haipandi taratibu, inafyatuka. Anayekutana nayo ni mtu aliyekaa miezi mitatu bila kuruka, sawa na timu iliyoingia ligi bila maandalizi ya msimu.

Sisi wa Kusini hatuhitaji kufundishwa kwamba anga hubadilika. Mvua zetu huanza Novemba au Desemba na kuisha karibu na Mei, na hata mwisho wake si wa kuaminika. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita kwenye pwani yetu, mvua ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam, na abiria wakakwama njiani.

Kupanda bila kutaka

Moja ya hatari kubwa za mchezo huu inawashangaza wengi. Si kuanguka, ni kupanda. Wingu la radi linafyonza hewa kutoka chini, na aliye karibu anavutwa nayo.

Februari 14, 2007, Ewa Wiśnierska wa Ujerumani, mmoja wa wanawake bora duniani katika mchezo huu, alikuwa Manilla, Australia, akijiandaa na mashindano ya dunia. Alinaswa na wingu la radi. Vifaa vyake vilionyesha alifikishwa mita 9,946, juu kuliko kilele cha Everest. Huko kuna baridi ya kugandisha damu na hewa haitoshi kuvuta. Alipoteza fahamu, barafu ikamfunika, bawa likaendelea kuruka lenyewe. Baadaye alizinduka akiwa ameshuka, akatua akiwa hai. Mwenzake kutoka China, He Zhongpin, aliyenaswa na dhoruba hiyohiyo, alifariki.

Hao walikuwa wa kiwango cha dunia. Uwezo wao haukuwafanya wingu liwaheshimu.

Kilimanjaro iliposema hapana

Tanzania nayo ina ukurasa wake. Mwanzoni mwa 2013, marubani wengi kutoka nchi mbalimbali walipanda Mlima Kilimanjaro katika msafara ulioitwa Wings of Kilimanjaro. Lengo lilikuwa kuruka kutoka kilele cha mita 5,895 na kuchangisha fedha za hisani. Fikiria gharama hapo. Nauli, vifaa, wapagazi, siku kadhaa za kupanda huku kichwa kinagonga kwa kukosa hewa.

Walipofika juu, upepo na mawingu vikakataa. Karibu wote walishuka kwa miguu, mabawa yakiwa ndani ya mabegi.

Shabiki anaweza kuona hayo ni matokeo mabaya. Lakini Septemba 2019 mtalii mmoja kutoka Canada aliruka kutoka mlima huohuo na kupoteza maisha. Mlima haukubadilika kati ya miaka hiyo miwili, na wale waliorudi kwa miguu mwaka 2013 walirudi na hadithi ya kusimulia.

Kinachomponza mpenzi wa kawaida mara nyingi si kutojua. Anajua kabisa upepo si mzuri. Ila amelipia nauli, likizo inaisha kesho, wenzake wawili wamesharuka na wanaonekana wako salama, na kuna mtu pembeni ameshika simu anamrekodi. Ni presha ileile inayomsukuma straika mwenye jeraha la paja kumdanganya daktari kwamba yuko fiti kwa sababu ni fainali. Straika akikosea, anakaa nje wiki sita. Huku hakuna benchi la majeruhi ukiwa mita 500 hewani.

Ndiyo maana wakongwe wa mchezo huu hawamcheki anayefika kilimani, akakaa saa tatu, akakunja bawa lake na kupanda bodaboda kurudi mjini. Hawamuulizi kwa nini hakuruka. Kwao hiyo ni sare ya ugenini. Haina shangwe, lakini pointi moja imepatikana, na msimu bado mrefu.